Mdomo wa bata na mdomo wa Papa

Mwaka 2013 nilimshauri mzee mmoja wa Kasulu abadilishe saksafoni yake. Ushauri ule ulimgharimu shilingi 350,000 na msimu mzima wa harusi. Mimi haukunigharimu kitu, isipokuwa nauli ya basi kwenda Kibondo na kurudi.

Naandika habari hii hapa, penye wapenzi wa vitabu, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa kosa la uhakiki. Nilisikia sauti, nikaipa sifa, nikaeleza sifa ile inatoka wapi. Hatua mbili za kwanza si mbaya. Ya tatu ndiyo iliyomwangusha mzee wa watu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Kasulu. Nilikuwa na diski iliyojaa muziki wa dansi: nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania, OK Jazz za miaka ya 60, na vitu vya Ethiopia nilivyopewa na rafiki. Jioni watu walikuwa wanakuja kunakili. Nikitoa maoni wananyamaza kunisikiliza, na mtu akinyamaziwa sana huanza kujiamini. Nilikuwa na msamiati wangu: sauti nene, sauti kavu, sauti ya bati, sauti yenye moshi. Zaidi ya hapo nilikuwa nimesoma mambo ya Wamarekani na Wafaransa wanaokusanya saksafoni za zamani. Wale jamaa wanazungumzia Selmer ya Paris ya miaka ya 50 na 60 kama sisi tunavyozungumzia shamba la ukoo. Nikaanza kusema kama wao, bila kuwahi kushika Selmer hata siku moja.

Yule mzee alikuwa Mkongomani kutoka upande wa Fizi, anaishi kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwishoni mwa 1996. Akipata kibali anatoka kupiga kwenye harusi za mjini. Sote tulimwita Papa. Alikuwa na alto moja iliyochujuka rangi hadi ikafanana na sufuria ya kuchemshia maharage. Aliinunua Bujumbura miaka ya 80, akavuka nayo ziwa ndani ya gunia la mahindi. Ubavuni imechorwa neno Weltklang. Hiyo ni chapa ya Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tena, na maana ya neno lenyewe kwa Kijerumani ni sauti ya ulimwengu. Wakusanyaji wa Ulaya huiweka kwenye fungu la vyombo vya wanafunzi. Mimi nilijua hilo kabla sijamsikia Papa akipiga noti hata moja.

Nilimsikia mara ya kwanza kwenye harusi, kupitia maikrofoni ya kukodi na spika iliyopasuka karatasi. Nikasema moyoni: bati. Baadaye nikamwambia kwa adabu, "Papa, wewe ni fundi, lakini chombo kinakuangusha. Ungepata Selmer, Kasulu yote ingesimama." Akacheka, akasema, "Mwalimu, hiyo Selmer iko wapi hapa kwetu?" Ikawepo. Kulikuwa na mfanyabiashara Kibondo mwenye kikundi cha harusi, na kikundi kile kilikuwa na Selmer iliyotoka Burundi. Kijana wake aliyekuwa anaipuliza alitaka kitu chepesi, na bosi alitaka hela. Makubaliano: Papa atoe Weltklang yake na laki tatu na nusu juu. Mimi ndiye niliyepiga simu zote.

Sasa nisogee kando kidogo, kwa sababu bila hili hamtaona ukubwa wa ujinga wangu.

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, swali la "fulani alikuwa anapiga saksafoni ya aina gani" halijawahi kuwa na maana kubwa kama lilivyo kwa Wamarekani. Sababu ni ya kiuchumi kabisa: chombo hakikuwa cha mpigaji. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Bendi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Wapigaji waliingia na kutoka, wengine wakahamia Mlimani Park 1978 au kwingineko, na aliyehama aliondoka na kifua chake na vidole vyake. Mdomo wa bata (jina hili la kwetu mimi nalipenda kuliko saksafoni) ulibaki kwenye stoo ya bendi ukimsubiri mwingine. Kwa hiyo msikilizaji mzuri wa Dar alizoea kutambua mtu, hata chuma kikiwa kilekile. Sikio la namna hiyo lilikuwa urithi wangu. Nililiweka kando nikaazima la wakusanyaji, watu ambao kwao kila bingwa ana chombo chake na chombo kina namba yake.

Hata upande wa pili wa ziwa ni hivyohivyo. Msikilize Verckys katika miaka yake ya OK Jazz, 1963 hadi 1969, jinsi anavyoingia na kauli fupi yenye ukali, kama mtu anayekatiza mazungumzo. Kisha msikilize Jean Serge Essous, aliyekuwa na OK Jazz tangu mwanzo wake 1956 kabla ya kuvuka mto kwenda Brazzaville. Essous ni laini, anakwenda kwa mzunguko, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kusema. Sihitaji kujua chapa ya vyombo vyao ili nisiwachanganye. Na Getatchew Mekuria wa Ethiopia, aliyefariki 2016, aliyechukua majigambo ya mashujaa wa vita akayatia kwenye tena saksafoni: sauti ile inatetemeka na kutisha kwa sababu anaigiza koo la mtu anayejitapa mbele ya adui. Hakuna kiwanda kinachouza kitu hicho.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Charlie Parker. Tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, alipiga alto ya plastiki. Plastiki kweli, Grafton iliyotengenezwa Uingereza. Santuri ilipotoka, jalada lilimwita kwa jina la bandia kwa sababu za mkataba. Jina lilifichwa, chuma chenyewe hakikuwepo, na bado mpenzi wa jazi anahitaji sekunde chache tu kumjua ni nani. Yote haya nilikuwa nayajua. Ningeweza kuyafundisha darasani. Yalikaa kwenye droo moja ya kichwa changu, na ushauri niliompa Papa ukatoka kwenye droo nyingine.

Tukaenda Kibondo. Barabara wakati ule ilikuwa vumbi tupu, na Papa alikaa na mfuko wa saksafoni mapajani njia nzima, hakuuweka juu pamoja na mizigo. Tulifika mchana, tukapelekwa uani nyuma ya nyumba ya kulala wageni, chini ya mwembe. Kijana wa bosi akamsalimia Papa shikamoo kwa heshima zote, akatoa Selmer yake kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu. Aisee, ilikuwa nzuri kutazama. Nikatoa simu nikarekodi kila kitu. Nina mafaili manne ya siku ile.

La kwanza, kijana anapiga Selmer. Sauti kali, nyembamba, inayotoboa. Nilijiambia kijana hajaiva. La pili, Papa anapiga Selmer ileile. Hapo kila mtu uani aligeuka. Sauti ilishuka ikawa nene, noti za chini zikaja na pumzi nyingi pembeni, karibu na mnong'ono. Nikamwambia bosi, nasikika kabisa kwenye rekodi: "Umeona sasa? Hiyo ndiyo Selmer." La tatu, kijana anajaribu Weltklang. Kali, nyembamba, inatoboa. Nasikika tena: "Umesikia bati hilo?" La nne, Papa anapiga Weltklang yake kwa mara ya mwisho, kuiaga. Wakati huo mimi na bosi tulikuwa tunahesabu hela. Sikusikiliza.

Mtu makini ameshaona. Kijana alipobadili chombo sauti yake haikubadilika. Nyembamba juu ya Selmer niliiita ukosefu wa uzoefu, nyembamba juu ya Weltklang nikaiita bati. Sauti ni moja, nimeipa hukumu mbili kwa kutazama jina lililoandikwa ubavuni. Nilikuwa nasikiliza kwa macho.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliona kabisa, na nililijua miezi mingi baadaye kwa kumuuliza Papa mwenyewe. Saksafoni ina sehemu mbili ambazo sisi watazamaji tunaziona kitu kimoja: mwili wa shaba, na kile kipande cheusi anachotia mpigaji kinywani, chenye ulimi wa mwanzi uliofungwa kwa pete. Wapigaji wenyewe hukiita mdomo. Papa hakuuza mdomo wake. Alipochukua Selmer chini ya mwembe aliuchomoa ule wa kijana akachomeka wa kwake, na kwa kuwa kizibo cha shingoni kilikuwa chembamba, alikizungushia karatasi ya daftari ukabana. Naye kijana alifanya hivyohivyo upande wake. Mbele ya macho yangu. Nilidhani wanafuta mate.

Mdomo wa Papa ulikuwa wa kizamani, wenye chumba kikubwa cha mviringo ndani. Adolphe Sax, yule Mbelgiji wa Dinant aliyepata hataza ya chombo chake Paris mwaka 1846, aliibuni midomo yake kwa chumba kipana cha namna hiyo, na Sigurd Raschèr alitumia maisha yake kuwagombeza watu warudi kwenye umbo lile. Kadiri bendi zilivyozidi kuwa na magitaa ya umeme na ngoma kubwa, wapigaji wengi walihamia kwenye midomo yenye chumba chembamba na dari lililoshuka karibu na ulimi, kwa sababu hiyo inatoa sauti kali inayopenya kelele. Huo ndio aliokuwa nao kijana. Wala hakukosea: kwenye harusi ya Kibondo yenye jenereta linalounguruma, usipotoboa hausikiki.

Kwa hiyo ninachokiita "sauti ya saksafoni ya zamani" kilikuwa kwa sehemu kubwa ndani ya kipande kinachoenea kiganjani, na kilichobaki kilikuwa ndani ya kinywa cha Papa. Kuhusu shaba yenyewe, wanafizikia wamelichokonoa jambo hili. Mwaka 1971 John Coltman, Mmarekani, alitengeneza filimbi tatu zenye umbo moja la ndani, ya fedha, ya shaba nyekundu na ya mti, akazipiga bila wasikilizaji kuziona. Hawakuweza kuzitenganisha. Filimbi si saksafoni, sawa, na umbo la bomba la ndani lina kazi yake. Ila wanaosema kwamba chuma kikizeeka kinakomaa kama mvinyo, sijaona wanachosimamia.

Sisi wa Buha, kusema kweli, tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Inanga ipo kwetu na kwa jirani zetu Warundi, na kuna upigaji wake ambao mpigaji hunong'ona maneno huku akizichomoa zile nyuzi nzito. Mnong'ono hauna noti. Huwezi kunong'ona wimbo. Lakini ukikaa pale dakika mbili, sikio linaunganisha vitu viwili likasikia kimoja, na utaapa kwamba mtu anaimba kwa sauti ya chini, au kwamba nyuzi zinasema. Muziki wote umejengwa juu ya sikio kukosea mahali sauti inapotoka. Mzee mmoja wa Kibondo aliyekuwa pale uani alisikia zile noti za chini za Papa akasema, "Huyu anapiga inanga." Nilimwona mshamba. Alikuwa mhakiki bora kuliko mimi mara kumi.

Je, vyombo vile viwili havikuwa na tofauti? Vilikuwa nayo, na hapa ndipo penye utamu. Selmer ilikuwa sahihi zaidi kwenye noti, na noti zake za chini zilikuja bila kubembelezwa. Weltklang ilikuwa na noti moja ya juu iliyokaa chini kidogo ya mahali pake. Papa kwa miaka karibu thelathini alikuwa akiifikia noti ile kwa kuteleza: anaanza chini, anaivuta kwa midomo hadi ikae. Mtelezo huo ukawa alama yake. Maharusi wa Kasulu waliujua, watoto waliuiga kwa mluzi. Ulikuwa kiraka cha ubovu wa chombo, na ukageuka pambo. Alipohamia Selmer, noti ile ilikuwa sawasawa, haikuhitaji kuvutwa. Papa akaendelea kuivuta.

Hicho ndicho ninachoamini sasa kuhusu saksafoni za zamani. Kwenye unene na wembamba wa sauti, chuma kina sehemu ndogo kuliko tunavyohubiri. Kwenye tabia ya mpigaji, namna anavyofika kwenye noti, anapokawia, anapokwepa, chuma kibovu kinaweza kuwa mwalimu mkali sana. Ukitaka kuandika juu ya chombo, andika kilimfundisha nini mtu. Shaaban Robert, alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa na kazi ngumu kama hii, kumweleza mtu sauti kwa wino. Alifanya hivyo kwa kueleza maisha yaliyoizunguka sauti ile. Nikiwa mwanafunzi niliona anakwepa. Siku hizi naona alijua anachofanya.

Na lugha yetu ina mtego wake. Tunasema gita linalia, saksafoni inalia, ngoma inalia. Kitendo tumekipa chombo. Ukishasema inalia, unaanza kuitafutia machozi yake ndani ya shaba. Wapenzi wa zamani wa dansi waliposema "anapuliza" walikuwa karibu zaidi na ukweli, maana angalau mtu yumo kwenye sentensi.

Basi, hela. Selmer ile ilikuwa na vizibo vya ngozi vilivyochoka, na mimi bingwa sikujua hata kuviangalia. Ilipoingia kiangazi, vikakauka vikapasuka, hewa ikawa inatoka kila upande. Vizibo vya aina ile havikupatikana Kasulu wala Kigoma mjini. Kiangazi baada ya mavuno ndio msimu wa harusi. Papa alikaa miezi minne bila chombo, na harusi alizokuwa akizitegemea zikaenda kwa kikundi cha Kibondo, kijana wetu mbele, anateleza kwenye noti ya Weltklang kama alivyofundishwa na chuma kile. Mwisho Papa alivitengeneza mwenyewe kwa ngozi laini ya mbuzi, mpira wa tyubu ya baiskeli na soli ya ndala. Ikapiga. Si vizuri sana, lakini ikapiga.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikajaribu kumrudishia angalau nusu ya hela. Alikataa, kisha akachukua laki moja kwa sababu mjukuu alikuwa anaumwa. Kuhusu Selmer alisema hivi tu: "Mwalimu, hii kitu iko na jina kubwa kuliko harusi za hapa." Ndipo nikamuuliza mbona sauti yake haikubadilika, akaingiza mkono mfukoni akanionyesha ule mdomo mweusi, umefungwa kwenye leso, umeliwa na meno upande wa juu hadi kuna mashimo mawili.

Mwaka 2016 familia yake ilipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani, kama Wakongomani wengi wa Nyarugusu miaka ile. Selmer aliiacha kwa kwaya moja ya kambini. Mdomo alipanda nao ndege, nadhani kwenye mfuko uleule.

Yale mafaili manne ninayo bado. Nilipobadilisha simu majina yakapotea, zikabaki namba tu. Ya kijana nayajua kwa sababu sauti yangu imo ndani, najisikia nikitoa hukumu. Ya Papa nimeyasikiliza kwa spika nzuri na kwa spika mbaya, usiku na mchana. Moja lina maneno yangu mwishoni, kwa hiyo ndilo la Selmer. Nilimkatia rafiki yangu maneno yale nikamchezea yote mawili bila kumwambia. Akachagua la Weltklang, akasema, "Hili hapa, hili ndilo la chombo cha bei mbaya."